Umeacha kazi ya miaka mingi? Tafuta nyingine mtandaoni bila kuchezewa pesa yako

Kwa miaka 14 ulikuwa unajua siku yako itaanza vipi. Saa kumi na moja alfajiri uko stage ya Matasia, unangoja matatu inayotoka Kiserian ikielekea Ngong, na kutoka hapo safari ya kwenda tauni. Mlinzi wa getini alikujua kwa jina. Mshahara ulikuwa unaingia tarehe ile ile kila mwezi. Halafu siku moja ukapewa barua, na kesho yake ukaamka saa kumi na moja vile vile bila pa kwenda.

Kama ni wewe, hauko peke yako. Watu wa Kitengela na Athi River bado wanakumbuka Agosti 2019, wakati kampuni ya saruji ya East African Portland iliwaandikia wafanyakazi wake wote, karibu 800, kwamba nafasi zao zimefutwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Agosti 2018, ARM Cement nayo ilikuwa imewekwa chini ya wasimamizi. Wengi walioguswa walikuwa watu wa kazi moja tangu ujana. Kazi waliijua sana, lakini kuomba kazi walikuwa hawajafanya tangu enzi za barua ya mkono na bahasha ya kaki.

Shida iko hapo. Kufanya kazi na kutafuta kazi ni ujuzi wa aina mbili. Na wakati bado unajifunza huu wa pili, simu yako imebeba pesa nyingi kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu umelipwa haki zako. Matapeli wanalijua hilo. Somo la leo ni jinsi ya kutafuta kazi mtandaoni huku ukilinda pesa hiyo.

Tutatumia mfano mmoja. Tuseme ni mama wa Matasia, amefanya kazi ya stoo katika kampuni moja ya Industrial Area kwa miaka 14 kamili, na mshahara wake ulikuwa shilingi 36,000. Si mtu fulani, ni mfano tu wa kutusaidia kupiga hesabu.

Hatua ya 1: Kabla hujatoka getini

Ukishapewa notisi, usikimbilie mtandao kwanza. Kuna vitu vinne vya kumaliza ukiwa bado na mlango wa kuingilia.

Kwanza, cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kukupa cheti kinachoonyesha ulianza lini, ulifanya kazi gani, wapi, na ulimaliza lini. Haijalishi uliachishwa au uliacha mwenyewe. Lakini sheria hiyo haimlazimu mwajiri kukuandikia barua ya kukusifu. Hiyo unaiomba kwa uungwana, na wakati mzuri wa kuiomba ni sasa, kabla msimamizi wako hajahamishwa au naye hajaondoka.

Pili, hesabu ya haki zako. Kama umepunguzwa kazi kwa sababu nafasi imefutwa, kifungu cha 40 kinasema upewe notisi ya angalau mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake, ulipwe siku za likizo ambazo hukuchukua, na ulipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Kwa mama wetu, tukigawanya mshahara kwa siku 30:

- Siku moja: 36,000 ÷ 30 = shilingi 1,200
- Mwaka mmoja: 1,200 × 15 = shilingi 18,000
- Miaka 14: 18,000 × 14 = shilingi 252,000
- Mwezi mmoja badala ya notisi: shilingi 36,000
- Jumla kabla ya makato: shilingi 288,000

Hicho ndicho kiwango cha chini. Kama chama chenu cha wafanyakazi kilikubaliana na mwajiri kiwango cha juu zaidi, unafuata hicho. Ukiona hesabu haiingiani, nenda ofisi ya leba ya kaunti. Usikae nayo moyoni mwaka baada ya mwaka, maana madai ya kazi yana muda wake, kwa kawaida miaka mitatu. Na jambo moja lieleweke: malipo haya ya siku 15 ni ya mtu aliyepunguzwa kazi. Aliyejiuzulu mwenyewe hayamhusu.

Tatu, karatasi. Chukua nakala za karatasi za mshahara za miezi ya mwisho, fomu ya P9 ya kujaza ritani ya KRA, na vyeti vya mafunzo yoyote uliyopelekwa na kampuni.

Nne, na hili wengi husahau: laini ya simu na barua pepe ya kazini. Kama laini unayotumia ilisajiliwa kwa jina la kampuni, ukiirudisha unarudisha na kila kitu kilichofungwa nayo. iTax, eCitizen, benki na SACCO zote hutuma nambari za siri za muda kwa laini au barua pepe uliyowapa. Badilisha kote uweke laini yako na barua pepe yako mwenyewe kabla ya siku ya mwisho. Ukishatoka, kurudi kuomba kusomewa SMS ni shida.

Hatua ya 2: Ipe pesa kazi kabla haijapewa na watu

Kwa M-Pesa, simu inaweza kubeba hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja unafika 250,000. Kwa hivyo pesa zote za mama wetu zinaweza kukaa kwa simu. Kuweza si sababu ya kuziacha hapo. Pesa iliyo kwa simu huombwa na kila mtu: mpwa, chama, jirani, na yule utakayemsoma kwenye hatua ya 5.

Fanya hivi. Andika matumizi ya nyumba ya mwezi mmoja, yale ya lazima tu: kodi, chakula, stima, maji, shule. Tuseme ni shilingi 28,000. Ongeza bajeti ya kutafuta kazi: bando, saiba, kutoa nakala, nauli ya mahojiano. Tuseme ni 3,000. Jumla ni 31,000 kwa mwezi. Ukigawanya 288,000 kwa 31,000 unapata miezi tisa na kitu kidogo.

Sasa unajua ukweli wako: una miezi tisa. Zilizobaki weka benki au SACCO, uwe unajitumia 31,000 tarehe ile ile mshahara ulikuwa unaingia. Nyumba itaendelea kuishi kwa mpangilio, na wewe utatafuta kazi bila kutapatapa. Mtu anayetapatapa ndiye anayetuma pesa kwa nambari asiyoijua.

Usisahau makato ambayo mwajiri alikuwa anakulipia kimya kimya. Tangu Oktoba 2024 SHA ndiyo imechukua nafasi ya NHIF. Ukiwa huna mwajiri, unajisajili na kulipa mwenyewe. Piga *147# uone hali yako. Ritani ya KRA nayo inajazwa kila mwaka kabla ya Juni kuisha, hata kama huna mapato.

Hatua ya 3: Geuza miaka 14 iwe kurasa mbili

Watu waliokaa kazi moja huwa na CV ya mistari mitatu: jina, shule, "2010 hadi 2024, kampuni fulani." Mwajiri akiisoma anaona mtu aliyekaa tu mahali. Lakini ndani ya miaka hiyo 14 hukufanya kazi moja. Ulianza ukipakia mizigo, ukawa karani, ukaishia kushika funguo za stoo nzima. Hizo ni kazi tatu. Ziandike kama kazi tatu, kila moja na miaka yake.

Kisha weka hesabu. Linganisha:

*"Nilifanya kazi stoo na majukumu mengine niliyopewa."*

*"Nilipokea malori 15 kwa wiki, nikahesabu bidhaa za aina 1,200 kila mwisho wa mwezi, na nikafundisha makarani wapya wanne."*

Sentensi zote mbili zinaweza kuwa za mtu mmoja, lakini hii ya pili ndiyo itakayoitwa. Bila shaka weka hesabu zako za kweli, kwa sababu kwenye mahojiano utaulizwa. Kama Kiingereza kinakukwama, andika kwanza kwa Kiswahili vile ungemweleza shemeji yako, halafu keti na kijana wa nyumbani mtafsiri pamoja.

Kama una ujuzi mikononi lakini huna karatasi, kama fundi wa mitambo, wa umeme, wa kuchomelea au dereva wa foklifti, uliza NITA kuhusu mtihani wa ufundi. Unapimwa kwa unachoweza kufanya. Cheti hicho huenda kikafungua mlango ambao miaka 14 peke yake haiufungui.

Mambo madogo yenye uzito:

- Hifadhi CV kama PDF na uipe jina lako, si "CV mpya mpya 2".
- Barua pepe iwe ya jina lako. Ile uliyofungua ukiwa kijana, yenye majina ya utani, iache ipumzike.
- Usiweke nambari ya kitambulisho kwa CV. Tulizoea kuiandika pamoja na dini na hali ya ndoa. Mtandaoni CV inapita mikono mingi, na nambari hiyo ikishikana na jina na tarehe ya kuzaliwa, mtu anaweza kujaribu kusajili laini au kuomba mkopo kwa jina lako. Mwajiri wa kweli ataiomba akishaamua kukuajiri.
- Waombe ruhusa wadhamini wako watatu kabla ya kuandika nambari zao.

Hatua ya 4: Tafuta kwa jina wanalotumia wao

Kwenu mlikuwa mnaitwa "stores attendant". Kampuni nyingine inaita kazi hiyo hiyo "storekeeper", nyingine "inventory clerk", nyingine "warehouse assistant", nyingine "stock controller". Ukitafuta jina moja tu unaona robo ya kazi zilizopo. Andika majina matano ya kazi yako kwenye karatasi, uyatafute yote.

Wapi? BrighterMonday, Fuzu, MyJobMag na LinkedIn ni mahali pa kuanzia, na kujisajili kutafuta kazi hakuhitaji ulipe. Washa arifa ili kazi mpya zikufuate kwa barua pepe. Kwa kazi za serikali, angalia tovuti ya Tume ya Utumishi wa Umma, gazeti la MyGov la Jumanne, na matangazo ya bodi ya utumishi ya Kaunti ya Kajiado. Kuomba kazi hizo ni bure. Usipuuze zilizo karibu pia: EPZ ya Athi River, viwanda na maghala ya upande wa Kitengela, shule na hospitali za Ngong na Kiserian. Nyingi hubandika matangazo kwenye kurasa zao wenyewe.

Jipangie saa. Asubuhi mbili hadi tano, siku tano kwa wiki, ni kazi yako mpya. Maombi matatu yaliyoandikwa kwa makini kwa siku yana faida kuliko thelathini ya kunakili. Weka daftari: tarehe, kampuni, kazi, nani ulimwandikia, wamejibu nini. Daftari hilo pia ni ngao yako. Ukipigiwa simu kwamba "umepita" kazi ambayo haimo kwenye daftari, ujue hukuiomba.

Na waambie watu. Mwenzako wa zamani aliyehamia kampuni nyingine anakujua kuliko CV yoyote. Mwandikie ujumbe mfupi: "Habari ya siku nyingi. Tulipunguzwa kazi mwezi uliopita. Natafuta kazi ya stoo. Ukisikia nafasi, niambie tu, nitaomba mwenyewe." Hakuna aibu hapo.

Hatua ya 5: Sheria moja ya pesa

Ikariri hii: kazi halali inakulipa, haikulipishi.

Tapeli hasemi "nipe pesa". Anataja kitu kinachofanana na ofisi: ada ya kufungua faili, ya medikali, ya yunifomu, ya mafunzo, ya kupanga mahojiano, "itarudishwa na mshahara wa kwanza". Kila mara kiasi ni kidogo, 1,850 au 4,500, na kila mara ni kabla ya saa fulani. Uliyekaa ofisi moja miaka 14 umezoea kwamba ofisi ikisema lete, unaleta. Tabia hiyo nzuri ndiyo anayoiwinda.

Kuna malipo ya kweli ya karatasi, kama cheti cha polisi cha tabia njema. Hayo unaanzisha mwenyewe ndani ya eCitizen, na pesa inaenda paybill 222222. Haiendi kwa nambari ya mtu anayejiita afisa.

Kwa kazi za Ghuba au kwingineko nje ya nchi, angalia kama wakala yuko kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Usitosheke na picha ya cheti aliyokutumia kwa WhatsApp. Angalia kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe.

Na epuka "kazi" ya kupokea pesa kwa laini yako, kubaki na kidogo na kutuma zilizobaki. Pesa hizo huenda zimeibwa kwa mtu, na mpelelezi akianza kufuata njia yake, jina atakalolikuta ni lako. Kuna Sheria ya mwaka 2009 ya kupambana na utakatishaji wa pesa, na "sikujua" ni utetezi mgumu.

Jipime

Soma jumbe hizi tatu, uamue kabla ya kusoma majibu.

1. "Hongera! Umechaguliwa kazi ya stoo, mshahara 65,000. Tuma 1,850 ya medikali kabla ya saa nane. Itarudishwa."
2. "Tumepokea maombi yako ya karani wa stoo. Fika ofisini Jumatano saa nne kwa mahojiano. Uje na vyeti halisi."
3. "Kazi rahisi ya simu: penda video, ulipwe 150 kwa kila moja. Leo tumekutumia 300. Kesho weka 5,000 upande daraja."

Majibu: Ya 1 ni utapeli, kwa sababu umeajiriwa bila mahojiano na unalipishwa. Ya 2 huenda ni ya kweli. Angalia daftari lako kama uliomba, tafuta nambari ya kampuni mwenyewe, upige uulize, na umwambie mtu wa nyumbani unakoenda. Ya 3 ni chambo. Zile 300 ni za kukufanya uamini. Wanachotaka ni 5,000, na baada ya hapo wataomba 20,000.

Ukishatuma tayari

Usitume tena, hata ukiambiwa "ongeza kidogo tukurudishie zote". Kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo kuomba pesa irudishwe. Ikiwa bado haijatolewa, una nafasi. SMS ya tapeli, wateja wa Safaricom huipeleka 333. Kisha ripoti kituo cha polisi upate nambari ya OB, au piga DCI bila malipo kwa 0800 722 203. Hifadhi jumbe zote. Kama ulituma picha ya kitambulisho, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Na mweleze mtu wa nyumbani. Aibu ndiyo humfanya mtu atume mara ya pili akijaribu kurudisha ya kwanza kimya kimya.

PIN yako ni yako peke yako. Hakuna mfanyakazi wetu, wala mwajiri, wala afisa yeyote anayehitaji kuijua.

Kazi ya nyumbani ya leo

Kabla ya kulala, fanya mambo matatu. Andika una miezi mingapi kwa hesabu ya hatua ya 2. Andika majina matano ya kazi yako. Na muulize mtu wa nyumbani akusomee sheria moja ya pesa kila ukipata ujumbe wa "hongera".

Kesho ukiamka saa kumi na moja kwa mazoea, usijilaumu. Pika chai. Saa mbili ikifika, fungua daftari.